Kianzio cha Nyumba na Hesabu ya Kuihama Johannesburg

Nchini Afrika Kusini mume na mke wenye mishahara ya uhakika na rekodi safi ya madeni wanaweza kununua nyumba bila kutoa hata senti moja ya bei yake, kwa kuwa benki kubwa za nchi hiyo hukubali mara nyingi kuwakopesha wanunuzi wa mara ya kwanza asilimia 100 ya thamani, huku nyumba yenyewe ikiwekwa rehani hadi deni liishe baada ya miaka ishirini au thelathini. Kwa hiyo sababu inayowafanya wenzi wengi wa Johannesburg wajinyime kwa miaka mitatu au minne wakikusanya kianzio, yaani ile sehemu ya bei ambayo mnunuzi huitoa mfukoni mwake kabla mkopo haujaanza kuhesabiwa, haiwezi kuelezwa kwa kusema tu kwamba benki inakidai. Jibu wanalolitoa mawakala wa mikopo ni kwamba kianzio hupunguza deni na huipa benki sababu ya kushusha riba kidogo; ni jibu la kweli, ila halimgusi sana mtu anayejua tangu mwanzo kwamba baada ya miaka michache atafunga mizigo ahamie mji mwingine. Mtu wa namna hiyo, anapoweka kianzio, hulipa mapema gharama ya kutoka.

Hesabu ndiyo inayolidhihirisha jambo hili. Benki Kuu ya Afrika Kusini iliposhusha riba yake hadi asilimia 6.75 mwezi Novemba 2025, riba ya msingi, yaani kiwango ambacho benki za biashara hukitumia kama mwanzo wa kumpangia kila mkopaji riba yake na ambacho kwa desturi huizidi riba ya Benki Kuu kwa asilimia 3.5, ilifikia asilimia 10.25. Kwa kiwango hicho, mkopo wa randi milioni moja wa miaka ishirini hurejeshwa kwa takriban randi 9,816 kila mwezi, na baada ya miaka mitano wenzi watakuwa wamelipa karibu randi 589,000, ilhali deni lenyewe litakuwa limepungua kwa randi 99,000 na ushei tu, kwa sababu katika miaka ya mwanzo sehemu kubwa ya kila rejesho huliwa na riba. Wakiuza wakati huo kwa bei ileile waliyonunulia, dalali ambaye ujira wake ni asilimia 5, pamoja na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 15 juu ya ujira huo, atachukua randi 57,500. Benki itachukua kiasi cha randi 900,600 zilizosalia. Na wenyewe watabaki na kama randi 42,000, ambazo bado hazijakatwa ada ya wakili wa kufuta rehani wala gharama ya cheti cha usalama wa umeme ambacho muuzaji hutakiwa kukitoa. Wenzi wengine walionunua nyumba hiyohiyo kwa kutanguliza asilimia 10 wangerejesha randi 8,835 kwa mwezi na wangeondoka na takriban randi 132,000, yaani kianzio chao kizima na ziada kidogo ya kubebea vyombo.

Hesabu hiyo imechukulia kwamba bei haikupanda, na dhana hiyo si ya kumtisha msomaji, kwa maana katika vitongoji vingi vya Johannesburg bei za nyumba zimekuwa zikipanda polepole kuliko mfumuko wa bei kwa miaka mingi, wakati zile za Cape Town zimekuwa zikikimbia. Sababu zake hujadiliwa hadi leo, lakini baadhi yake zinaonekana kwa macho: mabomba yanayovuja na hifadhi za maji zinazokauka wakati Rand Water, shirika linalouza maji kwa jumla, linaendelea kusukuma, miaka ya mgao wa umeme, na barabara kama ile ya Lilian Ngoyi katikati ya jiji, iliyopasuka kwa mlipuko wa chini ya ardhi tarehe 19 Julai 2023 na ambayo ukarabati wake ulisuasua kupita ahadi zote zilizotolewa. Wakazi wenye uwezo wa kuchagua wamekuwa wakihamia Rasi ya Magharibi, jimbo la Cape Town, na katika mazungumzo ya ofisini Sandton au Midrand mpango wa kuhama umekuwa jambo la kawaida kama mpango wa likizo.

Hapo ndipo akiba ya wenzi inapojikuta mbioni na bei wasiyoiona kila siku. Tuchukue mfano wa kubuni wa nyumba ya Cape Town inayouzwa leo kwa randi milioni 1.8, na wenzi wanaoweka randi 8,000 kila mwezi. Baada ya miaka mitatu watakuwa na randi 288,000 na riba yake, na kama bei ya huko itakuwa imepanda kwa asilimia 6 kwa mwaka, nyumba hiyohiyo itauzwa kwa zaidi ya randi milioni 2.14, maana yake ni kwamba ongezeko la bei, ambalo ni karibu randi 344,000, litakuwa limeipita akiba yote. Hali hii ndiyo inayowashawishi wengi kununua kwanza Johannesburg ili angalau wawe na mguu mmoja ndani ya soko. Lakini mguu uliomo katika soko lililosimama hauwezi kumpeleka mtu kwenye soko linalokimbia, na asiyekuwa na kianzio hurudi kule alikoanzia akiwa na umri mkubwa zaidi na akiba ileile.

Zaidi ya hayo, mkopo wa nyumba nchini humo kwa kawaida huwa na riba inayobadilika, si riba iliyofungwa kwa muda wote. Walionunua mwishoni mwa 2020, riba ya msingi ikiwa asilimia 7, walirejesha randi 7,753 kwa kila milioni waliyokopa. Ilipofika Mei 2023 riba hiyo ilikuwa asilimia 11.75, ambayo kwa mkopo mpya wa kiasi hicho ilidai randi 10,837. Wazee wanaokumbuka mwaka 1998, riba ya msingi ilipofika asilimia 25.5, huzisikiliza takwimu hizi bila kushtuka. Kianzio, katika mazingira hayo, ni nafasi ya kupumua ambayo mkopaji huitengeneza wakati riba ikiwa bado tulivu.

Lakini nani huwa na kianzio? Swali hili haliwezi kutenganishwa na historia ya jiji, kwa kuwa katika nchi nyingi fedha za kuanzia nyumba ya kwanza hutoka kwa wazazi waliowahi kumiliki yao, na Johannesburg ilijengwa kwa sheria zilizokusudia kwamba wazazi wa wengi wasimiliki chochote. Sheria ya mwaka 1923 juu ya maeneo ya miji iliwatenga Waafrika katika makazi ya manispaa walikokuwa wapangaji, na Sheria ya Maeneo ya Makundi ya mwaka 1950 ikagawa mji mzima kwa rangi. Sophiatown, mojawapo ya sehemu chache ambako Waafrika walikuwa na miliki kamili za viwanja, ilianza kuvunjwa tarehe 9 Februari 1955; watu wake walipelekwa Meadowlands na kwingineko katika eneo ambalo baadaye liliitwa Soweto, na mahali pao kikajengwa kitongoji cha Wazungu kilichopewa jina la Triomf. Wenye hati waligeuka kuwa wapangaji wa serikali, na nyumba za vyumba vinne walizopewa hazikuweza kuuzwa wala kuwekwa rehani benki.

Mwaka 1978 serikali iliruhusu Waafrika wa mijini wapate haki ya kupanga ardhi kwa miaka 99, mwaka 1986 ikawaruhusu wamiliki kikamilifu katika maeneo yao, na mwaka 1991 sheria za ardhi zilizojengwa juu ya rangi zikafutwa. Mtu aliyezaliwa Soweto mwaka huo wa 1991 ndiye leo mwenye umri wa kuoa na kutafuta nyumba, kwa hiyo kizazi chake ndicho cha kwanza ambacho wazazi wake walipata muda, japo mfupi, wa kujenga thamani katika nyumba yao wenyewe. Hata hiyo nyumba ya wazazi mara nyingi haiwezi kugeuzwa fedha, kwa sababu huhesabiwa kuwa nyumba ya ukoo ambamo shangazi, wajomba na wajukuu wana haki ya kurudi, na Mahakama ya Katiba ililazimika, katika kesi ya Rahube ya mwaka 2018, kubatilisha kifungu kilichowageuza wanaume waliotajwa katika hati za zamani kuwa wamiliki pekee na kuwaacha dada zao mikono mitupu. Kwa familia nyingi, kwa hiyo, fedha hazishuki kutoka kwa wazazi kwenda kwa watoto, hupanda. Kijana anapopata mshahara wa kwanza huanza kulipa karo ya mdogo wake na umeme wa mama yake, na kianzio chake hutoka katika kile kinachosalia.

Desturi iliyozaliwa na hali hiyo ni stokvel, ambayo msomaji wa Dar es Salaam ataitambua mara moja kuwa ni upatu au kikoba, na wa Nairobi atasema ni chama: kikundi cha watu wanaoaminiana wanaochanga kila mwezi na kugawana kwa zamu au mwisho wa mwaka. Vikundi hivyo vilipata chama chao cha kitaifa mwaka 1988, kilichoanzishwa na Andrew Lukhele, na leo benki zote kubwa zina akaunti maalumu za kuvihudumia, jambo linaloonyesha jinsi fedha zake zisivyo haba. Nguvu ya stokvel ni aibu: asiyechanga hujulikana. Udhaifu wake kwa mwenye kutafuta nyumba ni kwamba mchango wa Desemba umezoea kuishia kwenye vyakula na sare za shule, na pia kwamba wakili anayepokea kianzio hulazimika, chini ya sheria ya mwaka 2001 ya kudhibiti fedha haramu, kuuliza zilikotoka. Mwenye furushi la noti la kikundi kisicho na akaunti wala daftari hupata shida kujieleza.

Vyombo rasmi vina masharti yake, na baadhi yake huwanasa wenye haraka. Akaunti ya akiba isiyotozwa kodi, iliyoanzishwa Machi 2015, ambayo ukomo wake wa mwaka ulipandishwa hadi randi 36,000 mwaka 2020, inaonekana kufaa kwa kianzio, lakini ilipoanzishwa iliwekewa pia ukomo wa maisha wa randi 500,000, na kilichokwisha kutolewa hakirudishiwi nafasi yake. Wenzi wanaoikausha kwa ajili ya nyumba huwa wametumia haki ambayo wangeihitaji zaidi uzeeni. Kwa akiba ya miaka miwili au mitatu, akaunti ya kawaida ya notisi, yaani ile inayodai taarifa kabla ya kutoa fedha, mara nyingi inatosha, kwa sababu kila mtu aliye chini ya umri wa miaka 65 husamehewa kodi kwa riba ya randi 23,800 za mwanzo kwa mwaka. Upo pia mfuko wa pensheni: tangu tarehe 1 Septemba 2024 theluthi moja ya kila mchango mpya huingia katika fungu ambalo mwanachama anaweza kulichota mara moja kwa mwaka wa kodi, akatozwa kodi ya mapato kama ya mshahara wake. Njia isiyojulikana sana, na pengine yenye nafuu zaidi, ni ile ya kifungu cha 19(5) cha Sheria ya Mifuko ya Pensheni ya mwaka 1956, kinachouruhusu mfuko kumdhamini mwanachama wake kwa mkopo wa nyumba bila kuzitoa fedha zenyewe. Tatizo lake ni kwamba anayeacha kazi ili ahame huikuta dhamana hiyo ikidaiwa siku ileile anapoaga.

Wenzi waliotoka Afrika Mashariki na Kongo, ambao Kiswahili chao husikika katika maduka na vibanda vya barabara ya Rockey mtaani Yeoville, huingia katika hesabu hii na mazoea mengine. Kwao akiba ya nyumba imezoeleka kuwa kiwanja kinachonunuliwa kwanza, kisha msingi, kisha matofali yanayofyatuliwa kila fedha inapopatikana, hadi nyumba inasimama baada ya miaka kumi bila deni la benki, na si ajabu mume akawa anatuma fedha za saruji Kibaha huku mke akiweka kianzio Johannesburg, kila mmoja akiamini kwamba mwenzake ndiye anayechelewesha mambo. Benki za Afrika Kusini haziwakatai wageni: asiye mkazi kwa mujibu wa kanuni za fedha za kigeni anaweza kukopeshwa hadi nusu ya bei na kuleta nusu nyingine kutoka nje, ilhali mwenye kibali cha kazi na mshahara nchini hutazamwa kwa masharti mepesi zaidi. Hata hivyo ruzuku ya serikali kwa wanunuzi wa mara ya kwanza, iliyoanza mwaka 2012 na ambayo kikomo cha kipato cha kaya kilipandishwa hadi randi 22,000 kwa mwezi, ni ya raia na wakazi wa kudumu tu.

Gharama zilizo nje ya bei zinastahili maneno machache tu, kwa kuwa ni za lazima na hazina ujanja. Serikali hutoza kodi ya uhamisho wa miliki kwa nyumba inayozidi randi 1,210,000, kwa viwango vilivyoanza Aprili 2025. Ile nyumba ya mfano ya milioni 1.8 ingetozwa randi 21,786. Wakili wa kuhamisha hati na wakili wa kusajili rehani hulipwa kila mmoja makumi ya maelfu, na malipo haya benki kwa kawaida haiyakopeshi pamoja na bei, kiasi kwamba hata mwenye mkopo wa asilimia 100 hawezi kununua akiwa mtupu. Kianzio chenyewe hukaa katika akaunti ya amana ya wakili kikizaa riba, hadi Ofisi ya Usajili wa Hati itakapoandika jina jipya, na mnunuzi hupaswa kumwagiza wakili kwa maandishi akiweke hivyo.

Jambo zito zaidi, ambalo hupuuzwa kwa kuwa hutokea kabla ya nyumba kufikiriwa, ni ndoa yenyewe. Sheria ya Afrika Kusini huchukulia kwamba waliofunga ndoa bila mkataba wa awali wana mali ya pamoja, maana yake ni kwamba kila walichonacho na kila wanachodaiwa, cha kabla ya harusi na cha baadaye, ni fungu moja lenye wamiliki wawili sawasawa. Katika fungu hilo kianzio alichokiweka mke kwa miaka sita ya ukapera ni nusu cha mume, na deni la mume katika duka la nguo ni nusu la mke. Benki inapopima uwezo wao, kama Sheria ya Taifa ya Mikopo ya mwaka 2005 inavyoitaka, rekodi mbaya ya mmoja huwafungia wote wawili mlango. Wanaotaka vinginevyo husaini mkataba mbele ya wakili mthibitishaji kabla ya harusi, na tangu Sheria ya Mali za Wanandoa ya mwaka 1984 mkataba huo huleta mfumo wa mgawanyo wa ongezeko, usipoukataa waziwazi: kila mmoja hubaki na mali yake, ila ndoa ikivunjika aliyenufaika kidogo hudai nusu ya tofauti kati ya ongezeko la mali ya mmoja na la mwingine. Nikah iliyofungwa msikitini bila usajili wa kiserikali ilikaa nje ya mifumo hiyo yote hadi Mahakama ya Katiba ilipotoa hukumu mwezi Juni 2022, na marekebisho ya Sheria ya Talaka ya mwaka 2024 yakauandika katika sheria uwezo wa mahakama wa kugawa mali za ndoa hizo.

Waliooana nje ya nchi hutawaliwa na kanuni nyingine. Katika kesi ya mirathi ya Frankel ya mwaka 1950, iliyohusu wenzi ambao tangu harusi yao barani Ulaya walikusudia kuhamia Afrika Kusini, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba mali yao hufuata sheria ya mahali mume alipokuwa na makazi yake ya kudumu siku ya ndoa, na nia ya kuhama haikuhesabiwa. Kanuni hiyo, ambayo inamwacha mke nje ya swali kana kwamba hakuwa na kwao, bado hutumika, kwa hiyo wenzi waliooana Tanga au Morogoro huandikwa katika hati ya nyumba ya Johannesburg kuwa ndoa yao inatawaliwa na sheria za Tanzania, na mmoja anapoweka rehani au kuuza, msajili kwa kawaida hutaka saini ya mwenzake. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 humwachia kila mmoja mali yake, lakini huipa mahakama uwezo wa kugawa kilichochumwa kwa jasho la pamoja, na tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu ya mwaka 1983 kazi za nyumbani nazo huhesabiwa kuwa jasho. Mke aliyelea watoto Yeoville wakati mume akijaza akaunti ya kianzio anaweza basi kuwa na haki hata kama jina lake halionekani popote katika hati.

Wenzi wa mali ya pamoja wanaougundua uzito wa fungu lao moja wakiwa tayari wamekusanya fedha za kuhamia Cape Town bado wana njia moja, nayo ni kifungu cha 21 cha sheria ile ya 1984: wote wawili huomba Mahakama Kuu iwaruhusu kubadili mfumo, wakieleza sababu za msingi na kuwapa wadai wao taarifa ya kutosha ili asidhulumiwe mtu. Mawakili wa ombi hilo hulipwa kutoka katika akiba ileile ya kianzio, na hadi amri itoke, nyumba yoyote watakayoinunua itaingia katika fungu moja pamoja na madeni yote waliyohama nayo.